Ubavu wa Nyumbani, Ubavu wa Ukutani

Jumapili, 2 Februari

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya nusu ya Chamazi, za nyuma zilibaki wazi, nami nimeona nizitumie kabla panya hawajazitumia. Mchana kutwa sina wa kuongea naye. Wilfred, mume wangu, anatoka alfajiri kwenda ghalani Gongo la Mboto na kurudi jioni amechoka. Binti yetu Monica yuko shule ya bweni. Mtu pekee ninayebaki naye nyumbani ni baba mkwe, ambaye siongei naye.

Hatujagombana. Bibi yangu aliyenilea kule Tukuyu alinifundisha ya kwao: baba wa mume wako humtazami usoni, humtaji jina, hukutani naye njiani. Ukisikia anakuja, unapisha. Siku hizi wengi kwetu wameacha, hata dada zangu wananicheka, lakini bibi aliniapisha siku naolewa na mimi si mtu wa kumhadaa marehemu. Kwa miaka kumi na tisa haikuwa tabu, maana Mzee aliishi Kigamboni na mama mkwe wangu, Rosalia. Mama mkwe alifariki mwaka jana. Novemba Mzee akahamia kwetu, na nyuma yake likaja lori limebeba mashua.

Mashua, Chamazi! Imeegemezwa kwenye magogo katikati ya uwanja, ndefu kuliko sebule yetu. Ubavu mmoja unatazama baraza langu la cherehani, mwingine unatazama ukuta wa jirani. Mzee aliiunda mwenyewe na akaipa jina la mkewe. Kila asubuhi Mama Benedicta, jirani yetu, ananiuliza juu ya ukuta, "Mama Monica, safina inaondoka lini? Sie wengine tulete mbuzi wetu?"

Leo Wilfred ametoa hukumu. Mafundi watakuja katikati ya Machi kuchimba msingi wa vyumba vya wapangaji. Mashua iwe imeondoka kufikia hapo, la sivyo itapasuliwa kuni. Alimwambia baba yake mlangoni mwa chumba cha nje anakolala. Mimi nilikuwa jikoni. Jibu sikulisikia, nilisikia kiti kikisogezwa tu.

Niseme kweli, nilifurahi. Nataka uwanja wangu wa kuanikia nguo.

Jumatatu, 3 Februari

Nikimwekea Mzee chakula, nagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko mara mbili, kisha naingia ndani. Ndiyo karibu yangu hiyo. Leo nimegonga mara nne. Chakula kimerudi kama kilivyokwenda.

Alhamisi, 6 Februari

Amekuja Mbwana, mtoto wa rafiki yake Mzee, anayevusha mizigo kwa mashua kule Mjimwema. Wilfred alimpigia simu. Aliizunguka mashua akiigonga mbao kwa vifundo vya vidole, akaingia chini yake hadi miguu tu ikabaki nje.

"Juu nzima, braza," alisema alipotoka. "Ishu ni huku chini ya mstari wa maji. Inatakiwa ikwanguliwe mpaka mbao, ipigwe msasa, ipigwe praima ya kushikia rangi, halafu ile rangi nyekundu ya chini ya maji, mikono miwili, yaani mara mbili. Ikiwa tayari Jumamosi ya tarehe 15 mwezi ujao, maji ya bamvua yatakuwa yamejaa, mie naja na lori naichukua. Itafanya kazi, na Mzee anakuja kuiangalia siku yoyote. Masika ikiikuta wazi, mbao zikalowa, hapo mie simo."

Wilfred aliuliza nani atafanya kazi yote hiyo. Mikono ya Mzee inatetemeka, na yeye Wilfred ana siku moja tu ya mapumziko kwa wiki. Nikasikia sauti yangu nyuma ya pazia ikisema, "Nitasaidia." Wilfred aligeuka kama aliyeitwa na mtu asiyemjua. Hata mimi sijui kilichonisukuma. Nadhani ni kile kiti.

Jumatatu, 10 Februari

Tumeanza. Mpango wenyewe umejipanga: mimi ubavu wa nyumbani, yeye ubavu wa ukutani, mashua katikati yetu. Simwoni, hanioni. Bibi angekubali.

Rangi ya zamani inatoka kirahisi, lakini chini yake kuna utando mweupe, mzito, wenye mafuta. Wilfred anasema ndiyo deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Baba yake aliipaka kila mwaka kuzuia maji na wadudu wa mbao. Unakwangua, inajikunja kama sabuni ya kipande. Upande wa pili nasikia chuma cha Mzee: kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru. Jioni niligundua kwamba nimekuwa nikipumzika anapopumzika na kuanza anapoanza. Sikukusudia.

Ijumaa, 14 Februari

Mama Benedicta anasema wenzangu leo wanapewa maua, mie nimepewa msasa.

Jumanne, 18 Februari

Nimemaliza kukwangua ubavu wangu na kuufuta wote kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi na mafuta. Kichwa kinauma. Mbao zimebaki safi, kavu, rangi ya chai ya maziwa. Kutoka upande wa ukutani inakuja harufu kali ya samaki. Nikasema mashua ya miaka thelathini na zaidi, itanukia nini tena?

Jumatatu, 24 Februari

Praima! Nimepaka ubavu wa nyumbani wote kwa siku moja. Inaingia kwenye mbao kama maji kwenye mchanga. Nilipomaliza niliweka kopo na brashi pale kwenye kona ya tezi, nyuma ya mashua, nikagonga kopo mara mbili, nikaondoka. Baada ya muda nilisikia brashi upande wa pili. Polepole, lakini haikukatika. Kwa mara ya kwanza tangu afike, chakula kimeisha chote.

Alhamisi, 27 Februari

Siku mbaya.

Wilfred alikuwa mapumzikoni. Asubuhi alichukua kikombe chake cha chai akaenda kuangalia kazi. Alipita ubavu wangu akitabasamu, akapinda kwenda ubavu wa ukutani, na huko akasimama. Kisha akaniita. Nilijua baba yake yuko chumbani, nikaenda.

Praima ya upande ule ilikuwa imefura. Malengelenge, mengine makubwa kama sarafu, mengine yamepasuka na kuning'inia. Wilfred alipopitisha kidole, kipande cha urefu wa mkono kikabanduka chote na kuanguka chini. Mbao nyuma yake zilikuwa zinang'aa mafuta.

"Hii ni sifa," Wilfred alisema. "Mafuta ya papa. Ameipaka sifa!"

Ndipo nilipoielewa ile harufu. Wakati mimi ninafuta mafuta kwa tina, mwenzangu alikuwa anayarudisha. Amefanya alivyofanya maisha yake yote: ukishakwangua mashua unainywesha sifa mbao zisipasuke, kisha unapaka deheni. Akaletewa kopo la praima kwenye kona bila neno, akafikiri ndiyo mtindo mpya wa deheni, akaipaka juu ya mafuta. Kati yake na mimi ulikuwepo unene wa mashua tu. Ningesema neno moja asingefanya hivyo.

Wilfred alikwenda mlangoni mwa chumba cha nje akaongea kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa baba yake. "Wiki mbili baba! Wiki mbili zimebaki! Hamkuulizana? Mko wawili humu ndani siku nzima, hamkuulizana?"

Mzee alisema, "Mkeo haongei na mimi, Wilfred. Nitamwuliza vipi?"

Wilfred alisema basi, amechoka, kesho anatafuta mtu mwenye msumeno. Akatoka, na chai yake hakuinywa.

Nimekaa kwenye cherehani mchana kutwa na sijashona kitu. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Bibi hakunifundisha adabu ile ili mzee wa watu apokonywe mashua yake. Hilo ninalijua kabisa.

Ijumaa, 28 Februari

Nilimwomba Wilfred anipe mpaka tarehe 15, kama alivyoahidi. Alinitazama sana, akasema, "Haya, shauri yenu," akaenda kazini.

Nilisubiri. Mzee alipotoka chumbani nilisikia kandambili zake zikienda ubavu wa ukutani, kisha kigoda kikiwekwa. Hakuanza kukwangua. Nami nikasimama ubavu wangu, nikaweka mkono kwenye mbao. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Akajibu, "Marahaba." Na baadaye kidogo, "Kumbe una sauti."

Nikacheka bila kutaka. Nikamweleza praima ni nini, kwamba haipendi mafuta hata tone, kwamba inabidi tuibandue yote upande wake, tuoshe kwa sabuni ya unga na tina, tuache jua likaushe. Alisikiliza yote. Akasema, "Rosalia ilizoea sifa. Niliona nimnyime vipi." Alisema kama anayemzungumzia mtu, na sikujua anamsema yupi.

Kisha akauliza, "Mkwe, nilikukosea nini?"

Nikakwangua ubao kwa ukucha.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Arusini ulijifunika. Msibani kwa mama yako mkwe ukanipa kisogo. Nikasema labda kwa sababu sie watu wa kusini, wachonga vinyago, na ninyi wa Mbeya mmesoma. Marehemu alikuwa ananiambia niache, ni aibu tu. Lakini aibu haikai miaka kumi na tisa."

Hapo nililia. Niliona haya mpaka masikioni. Mimi nilikuwa namheshimu kwa nguvu zangu zote, na yeye alikuwa akiipokea heshima ile kama dharau, na Wilfred hakuwahi kumweleza kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba kuna wa kuelezwa. Nikamwambia yote, habari za bibi, kupisha njia, kutotaja jina. Nikamwambia, "Baba, kadiri ninavyokupisha ndivyo ninavyokuheshimu."

Kigoda chake kililia. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko chembamba cha puani. "Basi mie nimeheshimiwa sana," alisema. "Nimeheshimiwa mpaka nimekonda."

Tukaanza kukwangua.

Jumamosi, 1 Machi

Mzee sasa anakohoa. Kila anapotaka kupinda kona anakohoa mara mbili, kwa nguvu, nipate kupisha. Mwanzoni nilidhani ni kifua, nikamwambia Wilfred amnunulie dawa. Wilfred akaniuliza kama mimi ni mjinga.

Jumatatu, 3 Machi

Mikono yake haiwezi kubandua praima iliyoshika nusu. Tukakubaliana tubadilishane: yeye aje ubavu wa nyumbani kwenye msasa mwepesi, mimi niende wa ukutani kwenye kazi ngumu. Akakohoa, nikazungukia mbele, yeye nyuma.

Karibu saa saba, nimelala chali chini kabisa karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, nikakwangua donge la deheni ya zamani, na chini yake nikaona jani. Jani dogo limechongwa kwenye ubao, la ukubwa wa kidole gumba, na mishipa yake yote. Nikaendelea. Jani la pili. Yalikuwa sita, yamepangwa mstari.

"Baba, haya majani ni nini?"

Msasa ulisimama upande wa pili. "Umeyaona," alisema. "Nilisahau kwamba praima ya kwenu inataka mbao tupu." Kisha akasema, "Hao ni watu wa nyumba yangu. La kwanza mama yako mkwe. La pili Wilfred. Mawili yenye mkato ni watoto wetu waliotutoka wachanga. Niliendelea kuongeza kila nilipoipandisha nchi kavu na kuikwangua. Dogo la mwisho ni Monica."

Nikahesabu tena kwa kidole. "Na hili lililobanana na la Wilfred?"

"Unauliza mwenyewe tena?"

Alilichonga mwaka tuliooana. Alifikiri namdharau, na bado akanichonga. Miaka yote ile mimi nikiwa Chamazi napima watu viuno, nilikuwa pia Kigamboni, chini ya maji, kando ya mume wangu.

Nikamwuliza kwa nini alituweka chini pasipoonekana. Akasema, "Juu watu wanakalia, wanaegemea, wanatema mate. Huko chini hakuna wa kuwasumbua."

Jumatano, 5 Machi

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vimeingia wiki moja. Mzee amerudi kanisani na majivu kwenye paji. Najua kwa sababu ameniambia kupitia mashua. Mbao zimekauka. Nimepima kwa kitambaa cheupe, hakuna mafuta.

Alhamisi, 6 Machi

Praima upande wa ukutani. Imeshika! Majani sita nimeyapaka kwa brashi ya rangi za maji ya Monica, moja moja, mishipa isizibe.

Jumamosi, 8 Machi

Nyekundu, mkono wa kwanza. Wilfred amekuja kusaidia bila kuombwa. Alilala chini kwenye mkuku akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kuliko rangi. Akasema ni tina. Baadaye alikaa na baba yake chumba cha nje, wakazungumza kwa sauti ya chini, na nikasikia wakimtaja mama yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mkono wa pili ulikuwa bado mbichi mvua ilipokuja, saa nane mchana, bila hata kupiga hodi. Nilikimbilia turubai. Mzee alikuwa tayari ameshika pembe zake upande wa ukutani, nami nikashika zangu, likawa limeifunika mashua yote kama hema la msiba. Upepo ukaanza kulivuta. Kamba zilikuwa ndani na hakuna wa kwenda kuzifuata, maana mmoja akiachia linaruka.

"Shika tu, mkwe," alipiga kelele. "Mie nimeshika."

Turubai lilikuwa likitetemeka, na si upepo pekee. Nilijua ni mikono yake. Nikamwambia akae chini, azikalie pembe. Akasema mtu mzima hakalii turubai mbele ya mkwe wake. Nikamwambia mkwe wake haoni kitu. Akakaa.

Saa nzima, maji yananitiririka mgongoni, na tuliongea. Habari za Rosalia, alivyokuwa akipika, alivyoogopa bahari kuliko mimi. Mama Benedicta alipotuona akaja mbio na matofali manne na kamba ya kuanikia, amejifunga mfuko wa plastiki kichwani. Hakutania hata kidogo. Rangi imepona, isipokuwa mahali padogo kama kiganja, na hapo nitaparudia.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi imekwisha, na mimi nina huzuni. Nilitaka uwanja, na keshokutwa nitaupata. Lakini mashua ikiondoka tutaongea wapi? Hatuna kitu kingine kikubwa kiasi hicho cha kukaa nyuma yake. Najiambia, mtarudi kwenye kifuniko na mwiko, Sekela, na mzee ataongea na nani?

Mzee mwenyewe hakuwepo mchana. Amekwenda Buguruni peke yake, hakusema kufuata nini, amerudi jioni na mfuko mweusi.

Jumamosi, 15 Machi

Walikuja saa mbili asubuhi, Mbwana na watu sita, wote wamefunga na bado wanataniana. Wilfred alisema niende nao, nami ambaye nimeishi Dar miaka ishirini bila kulowesha miguu baharini nikaenda, mbele ya lori, kanga imenifunika mpaka machoni. Mzee alipanda nyuma na mashua yake.

Mjimwema maji yalikuwa yakipanda. Tulisubiri mpaka saa kumi na nusu. Walipanga magogo mchangani, wakaisukuma, mimi nimesimama ubavu mmoja, Mzee ubavu wa pili kama kawaida yetu. Ikagusa maji. Ikazama, ikazama, na maji yakasimama sawasawa kwenye ule mstari, ambapo nyekundu inaishia na bluu inaanza. Majani yote sita yalikuwa chini.

Mbwana aliruka ndani na ndoo. Aliinama. Nilimsikia akigonga mbao huku na huku. "Kidogo tu hapa mbele!" alisema. "Mbao zikivimba patafunga! Mzee, kavu! Kavu kabisa!"

Watu wakashangilia. Mbwana akasukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na mashua ikateleza kwenda mbele, polepole, tezi lake likapita mbele yangu, jina la Rosalia likapita, na kisha hapakuwa na kitu. Palikuwa na maji ya magotini, na upande wa pili, hatua nne, palikuwa na Mzee.

Alikohoa mara mbili, kwa mazoea. Sikuwa na pa kupisha.

Alikuwa ameshika ule mfuko mweusi. "Usikimbie, mkwe," alisema. "Nilimwambia Wilfred ampigie mama yako Tukuyu. Nimemwuliza kama jambo lenu lina mlango. Amesema kwa bibi yako ulikuwepo: baba mkwe akitoa kitu kwa mkono wake mbele ya watu, mkamwana akakipokea, basi anakuwa mtoto wa nyumba. Wilfred yupo, Mbwana yupo. Watu ndio hao."

Akatoa kitenge, kipande kizima hakijakatwa, cha kijani, cha majani. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka na kitenge kikitetemeka pamoja nayo. Nilimtazama Wilfred. Akaniitikia kwa kichwa.

Nikaenda zile hatua nne. Nikapiga magoti humo humo majini, nikapokea kwa mikono miwili. Kisha nikashusha kanga, nikamtazama. Ana kovu dogo kwenye nyusi, na macho ya Monica.

"Shikamoo, baba Kasiani."

"Marahaba, Sekela." Akanitazama kwa muda, akatikisa kichwa. "Kumbe mfupi hivi. Kwa ile sauti nilidhani mrefu."

Tumerudi Chamazi kabla ya saa mbili usiku. Uwanja umebaki mtupu, magogo mawili na madoa mekundu chini. Nimepika wali na samaki wa Mbwana. Nimepakua sahani tatu, nikazipeleka, nikakaa. Kifuniko sikukigonga.